Shajara ya Mradi wa Kulinganisha Takwimu za Biashara za Afrika Mashariki

Jumatatu, 13 Januari 2025

Mradi umeanza rasmi leo katika ofisi yetu ndogo ya Upper Hill jijini Nairobi, mtaa uleule yaliko makao makuu ya Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya. Kazi yenyewe inaelezeka kwa ufupi, ingawa haitafanyika kwa ufupi. Tutachukua takwimu za biashara ya bidhaa zinazochapishwa na Kenya, Uganda na Tanzania, tuzipange sambamba, kisha tueleze, bidhaa baada ya bidhaa, kwa nini thamani ambayo Kenya inaandika kuwa imeiuzia Uganda hailingani na ile ambayo Uganda inaandika kuwa imenunua kutoka Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi wanachama nane, baada ya Somalia kukamilisha taratibu za kujiunga mwezi Machi 2024, lakini tumeamua kuanza na zile tatu zilizotia saini mkataba wa kuifufua tarehe 30 Novemba 1999.

Katika kikao cha asubuhi tuliulizwa kwa nini jambo hili limshughulishe mtu asiye mtakwimu. Jibu tulilotoa linatokana na Itifaki ya Umoja wa Fedha iliyotiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Kabla ya nchi kuingia katika sarafu moja, mfumuko wake wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni la umma lisizidi asilimia 50 ya pato hilo kwa thamani ya sasa, na akiba yake ya fedha za kigeni itoshe kugharamia uagizaji wa miezi 4.5. Sarafu yenyewe ilitarajiwa mwaka 2024 na sasa imesogezwa hadi 2031. Hebu tulitazame sharti la mwisho kwa makini. Akiba inapimwa kwa miezi ya uagizaji, na kwa hiyo nchi isiyohesabu mahindi na maharagwe yanayoingia bila fomu itaonekana ina miezi mingi zaidi kuliko jirani yake anayejitahidi kuyahesabu. Anayehesabu vizuri ndiye anayepata alama mbaya.

Alhamisi, 23 Januari 2025

Siku hizi zote zimekwenda katika mambo ambayo kila mwongozo wa takwimu za biashara huyataja kwenye kurasa za mwanzo. Mauzo ya nje huthaminiwa bidhaa ikiwa mpakani mwa nchi inayouza; uagizaji huthaminiwa pamoja na nauli na bima hadi mpaka wa nchi inayonunua. Wachambuzi wengi hukimbilia kuongeza asilimia 10 kwenye mauzo ili yafanane na uagizaji, na kwa shehena inayovuka bahari utaratibu huo una mantiki yake. Lakini lori la saruji linalotoka Athi River kwenda Kampala kupitia Malaba linavuka mpaka mmoja tu. Mahali ambapo thamani ya Kenya inakomea ndipo pale pale ambapo thamani ya Uganda inachukuliwa. Kikanuni, basi, nauli haiwezi kueleza tofauti yoyote kati ya majirani hawa wawili, na anayeongeza asilimia 10 anaifunika tofauti ambayo alipaswa kuichunguza. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba muuzaji hutaja bei ya langoni mwa kiwanda, bila nauli ya Athi River hadi Malaba, na hilo ni suala la namna fomu ilivyojazwa.

Suala la sarafu lina uzito zaidi ya tulivyodhani. Kenya huchapisha biashara yake kwa shilingi za Kenya, Uganda kwa dola za Marekani. Mwaka 2023 dola moja ilianza kwa takriban shilingi 123 na kumaliza ikiwa karibu 156. Mwezi Januari 2024 ilivuka 160, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi karibu 129. Mtu akigeuza takwimu za 2024 kwa wastani wa mwaka mzima, shehena ya Januari itaonekana ya thamani kubwa kuliko ilivyokuwa, na ya Agosti ndogo kuliko ilivyokuwa. Tumekubaliana kwamba kila mwezi utageuzwa kwa wastani wake wenyewe.

Kisha kuna tofauti ambayo haina mkosaji. Simu iliyotengenezwa China, ikaingizwa na mfanyabiashara wa Luthuli Avenue, ikalipiwa ushuru hapa Nairobi na baadaye ikauzwa Kampala, itaandikwa na Kenya kuwa ni mauzo ya marejeo kwenda Uganda. Uganda nayo, kwa kuwa kanuni za kimataifa zinataka uagizaji uandikwe kwa nchi ya asili, itaiandika chini ya China. Kila ofisi imefuata kanuni kikamilifu, lakini ukilinganisha safu mbili utadhani simu imeyeyukia Malaba. Tangu leo jedwali letu litatenganisha mauzo ya bidhaa za ndani na mauzo ya marejeo.

Jumanne, 4 Februari 2025

Siku kama ya leo mwaka 2009 wakuu wa nchi za Afrika walipitisha Mkataba wa Afrika wa Takwimu mjini Addis Ababa. Ulianza kutumika miaka sita baadaye, Februari 2015, baada ya nchi za kutosha kuuridhia. Unazungumzia uhuru wa kitaaluma, ubora, siri ya mtoa taarifa na uratibu, na kwa sehemu kubwa unarejelea misingi ya takwimu rasmi ambayo Umoja wa Mataifa uliikubali mwaka 1994 na Baraza Kuu likaithibitisha mwaka 2014.

Nimeutaja kwa sababu leo tumekwama hasa kwenye siri. Tuliomba kulinganisha tamko moja moja la forodha, pande zote mbili, kwa bidhaa chache tu. Jibu tulilopata, kwa adabu kubwa, ni kwamba haiwezekani, na nikiisoma sheria naona waliotujibu wako sahihi. Hapa pana jambo ambalo sijaliona likijadiliwa vya kutosha. Maafisa wa forodha wa nchi hizi wanafanya kazi chini ya sheria moja, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, na tangu Himaya Moja ya Forodha ianze mwaka 2014 wanabadilishana taarifa za shehena kabla lori halijaondoka Mombasa. Watakwimu hawana sheria ya namna hiyo. Kenya ina Sheria yake ya Takwimu ya 2006, Uganda ya 1998, Tanzania ya 2015, na kila moja inamlinda mtoa taarifa kwa kumfunga mdomo mtumishi wa ofisi ya nchi hiyo. Mtakwimu wa Kampala, mbele ya sheria ya Nairobi, ni mtu wa nje kama mtu mwingine yeyote. Itifaki ya 2013 inataka kuwe na taasisi ya pamoja ya takwimu ya Jumuiya. Kwa maoni yangu, kama taasisi hiyo haitapewa haki ya kuona rekodi zisizo na majina kutoka nchi zote, itakuwa karani wa kujumlisha majumla.

Ijumaa, 21 Februari 2025

Tulikwenda Marikiti, soko la jumla la mazao hapa Nairobi, kabla ya mapambazuko, malori yakiwa bado yanashusha mizigo. Lengo lilikuwa dogo: kujua kama vitunguu tunavyoviona kwenye takwimu za Namanga, mpakani na Tanzania, ndivyo vinavyofika sokoni. Mama mmoja anayeuza vitunguu kwa jumla alimwita mwenzangu mwanangu, akachukua vitunguu viwili, kila kimoja kwenye mkono wake, akamwomba avibonyeze shingoni. Kimoja kilikuwa kikavu, shingo imefunga na ganda la nje linachakarika. Hicho, alisema, ni cha Tanzania. Kingine kilikuwa bado kibichi shingoni. Hicho kimetoka hapa nchini. Anavitofautisha gizani. Tulipomuuliza mzigo wake umeandikishwa wapi, alitujibu kwamba karatasi ni za mwenye lori, na kwamba yeye ananunua kwa gunia la neti, hanunui kwa kilo.

Jibu hilo la gunia ndilo lililotushughulisha mchana kutwa. Kwenye forodha kitunguu kina msimbo wa tarakimu sita, 0703.10, na uzito wa kilo. Kwenye lori kina magunia ya neti ambayo hayana uzito mmoja. Mahindi yana shida iyo hiyo kwa namna nyingine: Kenya imezoea gunia la kilo 90, na upande wa Tanzania gunia ni kilo 100. Mdadisi anayehesabu magunia mpakani bila kuuliza ni gunia la upande upi tayari ameingiza tofauti ya zaidi ya asilimia 10 kabla hajaandika bei. Baadaye tulipita Nyamakima, ambako maharagwe ya Uganda na ya Tanzania huuzwa mlango kwa mlango na ya hapa, na mizani za rejareja hushindana na gorogoro, kopo la kupimia nafaka. Tumeanza jedwali la vipimo vya sokoni na uzito wake, kila kipimo kimepimwa, hakikukadiriwa. Nadhani litatumika muda mrefu kuliko ripoti yenyewe.

Jumatatu, 10 Machi 2025

Wiki iliyopita Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, katika kikao chake cha New York, iliidhinisha mfumo mpya wa hesabu za taifa wa 2025, unaochukua nafasi ya ule wa 2008. Ni habari njema kwa wanaopima uchumi wa kidijitali na upotevu wa maliasili. Kwa mradi wetu ni tahadhari tu, kwa sababu zipo nchi zinazoendelea ambazo bado hazijamaliza kutekeleza toleo la 2008, na kila mwaka wa kizio, yaani ule ambao bei zake hutumiwa kupimia, unapobadilika pato la taifa nalo hubadilika. Pato la Nigeria lilipanda kwa karibu asilimia 89 lilipokokotolewa upya mwaka 2014, na la Kenya kwa takriban asilimia 25 mwaka huohuo, bila kiwanda kipya hata kimoja kujengwa usiku ule. Deni lilelile la asilimia 60 ya pato linaweza kugeuka la asilimia 48 kwa kazi ya watakwimu peke yao. Sisi tutaendelea na bidhaa.

Alhamisi, 27 Machi 2025

Tumerejea kutoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa Februari 2018, kinafanya kazi yake: dereva anasimama mara moja, karatasi zinakaguliwa na maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Lakini hatukwenda kutazama malori.

Tulikwenda kutazama njia za panya, na namna zinavyohesabiwa. Uganda, kupitia ofisi yake ya takwimu na benki kuu, imekuwa ikiendesha utafiti wa biashara isiyo rasmi ya mpakani tangu 2005 na kuchapisha matokeo yake. Mbinu ni ya macho zaidi kuliko dodoso. Mdadisi anakaa mahali anapoona wapitao, anaandika bidhaa, kiasi na upande inakoelekea, kisha thamani inakadiriwa kwa bei za soko la karibu. Haulizi jina wala hazuii mtu, kwa sababu akianza kuuliza, kesho wapitaji watapita kwingine. Tulikaa karibu na njia moja kwa saa kadhaa kujaribu mbinu hiyo wenyewe. Baiskeli yenye trei za mayai ni rahisi: trei moja ni mayai 30, na trei zinahesabika. Mama aliyebeba furushi la nguo kichwani ni kazi ngumu zaidi. Baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa na watu wenye ulemavu, ambazo Busia zimekuwa vyombo vya mizigo kwa miaka mingi, hubeba mzigo uliofunikwa turubai, na hapo mdadisi anabaki kutegemea uzoefu na ukubwa wa tuta chini ya turubai. Mwenzetu wa Kampala, ambaye ameifanya kazi hii kwa muda mrefu, alituambia kwamba mdadisi mzuri anajua mzigo kwa namna mbebaji anavyoinama.

Mtu atauliza kwa nini wapite pembeni ilhali bidhaa za asili ya Afrika Mashariki hazitozwi ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya, na upo utaratibu rahisi kwa shehena isiyozidi dola 2,000 yenye cheti chepesi cha asili. Wafanyabiashara tuliozungumza nao hawakuutaja ushuru kabisa. Walitaja vibali vya afya ya mimea, foleni, na hofu kwamba ukishaandikwa jina leo utatafutwa kesho. Hofu hiyo haitokani na hewa. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, kisha baada ya siku chache ikaruhusu tena kwa masharti ya usajili na vyeti. Sababu ya kiafya ilikuwa ya kweli. Lakini amri ya namna hiyo huliondoa lori kwenye kitabu bila lazima kuliondoa barabarani, na anayesoma takwimu za mwezi ule bila kukumbuka amri atadhani walaji walibadili chakula.

Jumatano, 16 Aprili 2025

Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Nilikwenda kuona kazi hii ilifanywaje zamani. Kenya na Uganda ziliunganishwa kiforodha mwaka 1917, Tanganyika ikaingia kikamilifu mwaka 1927, na kuanzia 1948, chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, palikuwa na idara moja ya takwimu kwa maeneo yote matatu. Bidhaa iliyotoka Nairobi kwenda Kampala iliandikwa mara moja, na ofisi moja. Tofauti tunazochunguza hazikuwapo kwa sababu hapakuwa na mwandishi wa pili.

Wapo wanaoukumbuka utaratibu ule kwa uchungu wa kilichopotea Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Mimi sina hakika kwamba palikuwa na mengi ya kulilia. Kitabu kimoja kisicho na wa kukipinga kinaweza kukosea miaka na mikaka. Kilichonigusa zaidi ni kwamba Chuo cha Takwimu cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1961 hakikuvunjika pamoja na Jumuiya, na watu waliokaa darasa moja pale wamekuwa wakipigiana simu kuulizana kuhusu misimbo na mbinu hata wakati serikali zao hazisemezani. Nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa zilichukua njia nyingine: ziliunda Afristat kwa mkataba wa mwaka 1993, makao yake yakiwa Bamako, na nchi za umoja wa fedha wa Afrika Magharibi zimekuwa na fahirisi ya bei iliyowianishwa tangu 1998. Zilikuwa na sarafu kwanza, takwimu zikafuata. Sisi tunajaribu kinyume chake.

Jumatatu, 12 Mei 2025

Utafiti wa Kiuchumi wa Kenya wa mwaka huu umetoka, na Uganda bado ndiyo soko kubwa kuliko yote la bidhaa za Kenya. Tumelazimika kubadili safu kadhaa za miaka ya nyuma kwa sababu takwimu zimerekebishwa, kama inavyopaswa. Tumeamua kuhifadhi kila toleo na tarehe yake badala ya kufuta la zamani. Ukiwa na toleo moja tu kwa kila nchi, huwezi kujua kama tofauti imepungua kwa sababu biashara imeandikwa vizuri zaidi au kwa sababu upande mmoja umerekebisha na mwingine bado.

Tumejadili pia pendekezo la kuiga Ulaya. Nchi zile zilipoondoa matamko ya forodha kati yao Januari 1993, zilianzisha utaratibu wa kampuni kuripoti kila mwezi moja kwa moja kwa ofisi za takwimu. Pendekezo linavutia, maana kadiri mipaka yetu inavyolainika ndivyo forodha itakavyokuwa na sababu chache za kuandika, na mafanikio ya Jumuiya yatakuwa pengo katika vitabu vyake. Hata hivyo utaratibu wa Ulaya umejengwa juu ya orodha za walipaji wa kodi ya ongezeko la thamani. Mama wa Marikiti hayumo katika orodha hiyo, wala mwenye baiskeli wa Busia. Tukiuiga kama ulivyo tutapata picha safi ya viwanda vikubwa na kuwapoteza hawa wengine. Nimependekeza kwamba ripoti za kampuni kubwa ziende sambamba na wadadisi wa mpakani, na kwamba Kenya na Tanzania zifanye utafiti wa njia za panya katika wiki zilezile ambazo Uganda inafanya, kwa jedwali moja la vipimo, ili kila upande uone mbebaji yuleyule.

Ijumaa, 6 Juni 2025

Rasimu ya kwanza ya jedwali linganishi imekamilika kwa mauzo ya Kenya kwenda Uganda na kwa vitunguu, mahindi na maharagwe yanayoingia Kenya kutoka Tanzania. Kwa kila bidhaa kuna thamani ya upande wa muuzaji, thamani ya upande wa mnunuzi, tofauti, na safu ya nne yenye maelezo: mauzo ya marejeo, mwezi wa kuvuka, kubadili sarafu, kipimo, au haijulikani. Mwenzetu mmoja alishauri tuongeze safu ya tano yenye wastani wa pande mbili, kwa kuwa wasomaji wa wizarani hupenda nambari moja. Nimekataa, na nimeandika sababu katika utangulizi wa rasimu: wastani wa simu iliyoandikwa Uganda na simu iliyoandikwa China hauna nchi. Safu ya nne ndiyo kazi yetu, na pale palipoandikwa haijulikani pataachwa hivyo hivyo.

Lori lililotoka Malaba upande wa Kenya tarehe 30 Desemba na kuandikwa upande wa Uganda mwezi Januari limeeleza zaidi ya tulivyotarajia katika bidhaa za chuma. Mafuta ya mawese bado yanatusumbua, maana yanaagizwa yakiwa ghafi kutoka Asia, yanasafishwa Kenya, na asili yake hutegemea cheti kilichoambatishwa. Rasimu imetumwa Kampala na Dodoma pamoja na orodha ya maswali kuhusu misimbo 1511 na 0703.10, na Zanzibar imetumiwa nakala yake peke yake, kwa kuwa ina ofisi yake ya Mtakwimu Mkuu na bidhaa zinazotoka Bara kwenda Visiwani hazihesabiwi kuwa biashara ya nje. Majibu yakifika tutaanza Rwanda.